Mara Arobaini na Moja

Nilifika Gyumri mwezi wa pili na jedwali langu mkobani,
theluji imeganda ngazini, nyeusi kwa moshi wa magari.
Vyuo kumi na kimoja, usajili mmoja:
kila mwaka twachanga, na kila mwaka wakuu wauliza
nani amekula nini katika chungu hiki cha shirika.
Jungu kuu halikosi ukoko, husemwa.
Mimi nimetumwa kuukwangua.

Njia yangu ni nyepesi:
bei ya jarida, gawanya kwa makala zilizofunguliwa.
Jibu dogo, jarida libaki.
Jibu kubwa, rangi nyekundu.
Hesabu haimchukii mtu.

Mkutubi Shoghakat alinipokea na koti lake mabegani,
hita moja kwa ukumbi mzima,
chai ya majani ya mlimani, sukari pembeni.
Mgeni njoo, mwenyeji apone,
ila mgeni huyu alikuja na mkasi.

Nikaanza na habari njema, ndivyo tulivyofunzwa.
"Safuwima ya saba, bibi. Makala juu ya ndui ya kondoo,
imefunguliwa mara arobaini na moja, usiku mmoja!
Hata mji mkuu hawana wasomaji wa namna hii."

Akaitazama namba kama mtu atazamaye picha ya jirani.
"Msomaji ni mmoja," akasema. "Vardges, mwaka wa tatu,
bweni la kule kwenye reli.
Mtandao ulikuwa ukikatika ukurasa wa nne.
Akaanza upya. Ukakatika.
Akaanza upya.
Saa kumi alfajiri ukurasa wa tano hajauona bado.
Nilipofungua mlango alikuwa amesimama hapo ulipo wewe,
macho mekundu,
akiniuliza kama mimi naujua mwisho wake.
Kondoo wa babake walikuwa wameanza kuvimba macho."

Arobaini na moja.
Nilikuwa nimeipaka kijani.

Nikakohoa, nikashuka safuwima ya kumi na tisa:
jarida la ujenzi wa mawe,
miaka miwili, sifuri na sifuri.
"Hili, nadhani, hatutagombana."

Hakunijibu. Alivuta saraka, ikakwama, akaipiga goti,
akatoa karatasi zilizobanwa kwa kibanio chenye kutu.
Nakala ya nakala. Herufi zimefifia kingo,
kingo zimekuwa kahawia kwa vidole gumba,
vumbi la jiwe katika mikunjo,
na nyuma ya ukurasa wa mwisho mtu amechora ukuta
na mshale: *hapa ndipo pa kufunga chuma.*
Juu, kwa penseli, majina ishirini na sita,
kila jina limekatwa na mstari mtu aliporudisha.

"Nywila yenu hufa getini," akasema.
"Wanafunzi wangu wa jioni mchana ni waashi.
Mmoja ana binamu huko kwenu, akaipakua kwenu,
ikahesabiwa kwenu.
Nasi hapa tukaisoma."
Kisha, akirudisha saraka: "Mji huu
una sababu zake za kusoma habari za kuta."

Chai yangu ilikuwa imepoa. Niliinywa yote.

Fomu ya tathmini ina kisanduku kimoja cha mwisho,
*Maelezo mengine (si lazima)*, herufi mia mbili.
Katika treni niliandika, nikafuta, nikaandika.
Ishirini na sita haikuingia.
Ukurasa wa nne haukuingia.
Niliacha neno "huenda" na nukta.

Usiku, ofisini Yerevan, niliifungua makala ya kondoo.
Ukurasa wa tano ulifika kabla sijavua glavu.
Jedwali la dozi, ramani ndogo, shukrani kwa wafugaji.
Nikauchapa, nikautia bahasha,
nikaandika: Vardges, bweni la kwenye reli,
kwa mkono wa Shoghakat.

Na mahali fulani seva, bila kumchukia mtu,
ikaongeza moja
upande wa mji mkuu.